Nukta Elfu Sitini

Mwanamke aliyekuwa kwenye kioo cha kompyuta alisimama mlangoni, mkono mmoja umeushika mwimo, gauni lake la mistari limepeperuka kidogo upande wa kushoto. Miguu ilikuwapo. Mikono ilikuwapo. Uso haukuwapo. Mahali pa uso palikuwa na mstatili mweusi, kingo zake zimenyooka kama zilizokatwa kwa wembe.

Inspekta alivua kofia, akaiweka mezani taratibu, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba yenye msiba.

"Ulimkuta hivi lini?"

"Jana asubuhi," alijibu binti aliyeketi kando yake. "Nilikuja kuchukua picha. Nikaifungua, nikamkuta hivi."

Binti huyu alikuwa fundi cherehani. Sindano mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi yake. Alikuwa ametoka kazini bila kuzikumbuka. Baba yake, mtu ambaye ofisi nzima ilimwita Babu Safu, alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa mama yake. Alifariki binti akiwa hajafikisha miaka miwili. Picha yenyewe ya karatasi iliharibika zamani, mwaka ule bomba la nyumba yao lilipopasuka na kabati likalala majini. Iliyobaki ni hii ya kwenye mashine.

"Jumamosi tunaweka jiwe la kaburi," alisema binti. "Fundi wa mawe anataka picha mbili, ya baba na ya mama, azichonge bega kwa bega. Za baba ninazo tele. Ya mama ni hii tu, Afande. Sura yake siikumbuki. Naikumbuka ya kwenye kioo."

"Na mitambo hii?"

"Inahamishwa. Ijumaa inapakiwa garini. Leo Jumatano."

Inspekta alitazama chumba. Kilikuwa chumba cha Idara ya Vipimo, mahali zilipokusanywa namba za mvua na kina cha mito: safumlalo moja kwa kila siku, safuwima moja kwa kila kituo. Meza mbili zilitazamana. Moja ilikuwa na kompyuta ya Babu Safu. Nyingine ilikuwa tupu, imebaki alama ya mraba kwenye vumbi pale kompyuta ilipokuwa. Ukuta wa nyuma ya meza hiyo tupu ulijaa michoro iliyobanwa kwa vibanio.

Harufu ilikuwa ile ile. Vumbi la moto, karatasi, na sabuni ya kufutia sakafu. Inspekta aliijua. Miaka kumi na minane iliyopita, kabla hajavaa sare, alikuwa akija chumba hiki kila Jumamosi mchana pamoja na vijana wengine tisa, na Babu Safu akiwafundisha bure.

Koplo, mama wa makamo aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alikuwa akiandika maelezo.

"Malalamiko ya ofisi yanasema kuna mtu ameharibu faili ndani ya maktaba," alisoma. "Afande, maktaba yenyewe iko wapi? Sijaona hata kitabu kimoja."

"Ni maktaba ya amri," alisema Inspekta. "Mzee na shemeji yake waliziandika wenyewe. Amri za kupanga namba kwenye majedwali, kuyakata vipande, kuyabadili umbo. Majedwali hayo wao waliyaita matriksi."

"Na huyu mama wa watu anaingiaje kwenye majedwali?"

"Picha nayo ni jedwali, Koplo. Kila nukta ni namba. Sifuri ni giza, namba kubwa ni mwanga. Picha hii ina safumlalo mia mbili na hamsini, safuwima mia mbili na arobaini."

Koplo alizidisha pembeni mwa daftari. "Nukta elfu sitini."

"Zilizopotea ni elfu tatu. Safumlalo sitini, safuwima hamsini." Inspekta aliinamia kioo. "Zote sifuri. Hakuna hata moja iliyokosewa. Mashine ikiugua, huharibu ovyo. Haichagui uso."

Binti alifunga macho.

"Kwa hiyo ni mtu," alisema.

"Ni mtu."

*

Mtu aliyesimamishwa kazi kwa kosa hilo aliitwa Mama Funguo, kwa sababu funguo za mitambo yote zilikuwa kiunoni mwake kwa miaka ishirini na sita. Jana mkuu wa ofisi alikuwa amezichukua. Aliketi kwenye benchi la ukumbini, mkono ukienda kiunoni kila mara na kurudi mtupu.

"Shikamoo, mama," alisema Inspekta.

"Marahaba. Wewe si yule aliyekuwa akikaa karibu na dirisha? Uliyekuwa hujui kugawanya?"

Koplo alikohoa.

"Ndiye mimi," alisema Inspekta.

"Sasa umekuja kunikamata."

"Nimekuja kuuliza. Faili ya picha ilibadilishwa Jumatatu, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Nani alikuwa chumbani?"

"Funguo nilikuwa nazo mimi."

"Sikuuliza funguo."

"Nami sitajibu zaidi ya hapo, baba."

"Nakala ya akiba je?"

"Nachukua kila siku saa kumi, juu ya ile ya jana. Jumatatu nilichukua kama kawaida. Kumbe nilikuwa nahifadhi ubaya." Sauti yake ilishuka. "Ile picha imefundishiwa watoto wa watu mpaka wamekuwa wazee. Kata kichwa, kata mkono, pindua, nyoosha. Mama wa Mlangoni, ndivyo walivyomwita. Na Babu Safu hakukubali itoke humu ndani hata siku moja. Akiombwa nakala, anasema, 'Mke wangu si wa kusafirishwa.'"

"Wanasema umeifuta wewe."

"Mimi nafuta vumbi. Sifuti watu."

Inspekta alitabasamu kidogo, kisha akaacha.

"Mama, utapoteza kiinua mgongo chako. Kama kulikuwa na mtu mwingine, mtaje."

Mama Funguo alitazama sakafu yake, ile aliyoipiga deki robo karne.

"Kuna ahadi nilimpa mtu aliyefiwa. Aliyefiwa hasalitiwi. Andika hivyo hivyo, Koplo, kwa herufi zako nzuri."

*

Mjomba wa binti aliwasili saa sita. Alikuwa mzee mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Walimwita Nukta. Marehemu mwanamke wa kwenye picha alikuwa dada yake wa tumbo moja. Kwa hiyo Babu Safu alikuwa shemeji yake, na kwa miaka yote hiyo mwenzake wa meza iliyotazamana na yake.

Alipokiona kioo, aligeuka akatazama dirishani.

"Zima hicho kitu."

"Samahani, mzee." Inspekta alikizima. "Jumatatu alasiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Kifua kilinibana."

"Unamshuku nani?"

"Mwenye funguo ni mmoja. Sisemi kwa chuki. Labda alikuwa anafuta nafasi kabla ya kuhamisha mitambo, mkono ukateleza. Lakini amekosa, na hataki kukiri."

"Mjomba," binti alisema kwa upole, "Mama Funguo ndiye aliyekuwa akinipangusa makamasi nilipokuwa mdogo humu ndani."

"Aliyekupangusa makamasi naye hukosea, mwanangu."

Inspekta alielekeza kidole kwenye meza tupu. "Kompyuta yako iko wapi?"

"Walianza na yangu. Ijumaa iliyopita waliibeba."

"Ilikuwa na amri zile zile za maktaba?"

Nukta alinyoosha mgongo. "Ilikuwa na toleo la kwanza. Lililo sahihi."

"Kuna lisilo sahihi?"

"Kuna alilolibadilisha shemeji, miaka ishirini iliyopita, bila ridhaa yangu. Tukaacha kuzungumza habari hiyo. Tukaacha kuzungumza habari nyingi."

"Miaka ishirini, mnatazamana meza kwa meza?"

"Tulisalimiana. Tulizungumza mvua. Mvua ni kazi."

Binti alicheka bila furaha. "Afande, nilikuwa nikija hapa kila Jumamosi. Baba ananiambia, 'Mwambie mjomba wako chai iko tayari.' Na mjomba yuko hatua mbili. Mjomba ananiambia, 'Mwambie baba yako nimesikia.'"

"Mlibishana nini hasa?"

"Mambo ya kitaalamu," alisema Nukta. "Hayana faida kwa polisi."

Inspekta hakusisitiza. Alisimama mbele ya ukuta wa michoro. Mito, mabonde, mistari ya mvua ya miaka ambayo watu walishaisahau. Kazi ya mzee ilikuwa safi. Inspekta alichomoa kibanio kimoja. Nyuma ya mchoro kulikuwa na karatasi nyingine, yenye mstatili mweusi tu, ukubwa ule ule wa mchoro. Akachomoa cha pili. Nyuma yake, mstatili mweusi. Cha tatu vile vile.

"Hizi ni nini?"

"Sifuri kwanza," alisema Nukta. "Kabla ya kuchapa kitu cha maana, najaza sifuri mahali pake, nachapa. Naona kitakaa wapi kwenye karatasi. Kisha ndipo nachapa chenyewe. Sijapoteza karatasi ya picha hata moja maishani."

"Ila umepoteza hizi nyeusi zote," alisema Koplo.

"Hizo ni upande wa pili wa karatasi kuukuu, mama. Mimi si mbadhirifu."

Inspekta alirudisha vibanio mahali pake, kimoja kimoja.

*

Karibu na printa kulikuwa na boksi la karatasi zilizotumika. Koplo alivaa glavu, akalipekua kuanzia juu. Karatasi ya nne ilikuwa na ripoti ya mvua upande mmoja. Upande wa pili palikuwa na mstatili mweusi.

Inspekta alipima kwa rula, akahesabu kwa kioo cha kukuzia nukta za ukingoni. Hamsini kwenda upande. Sitini kwenda chini.

"Alama za vidole?"

"Zipo mbili nzuri, Afande. Nizipeleke maabara?"

"Zipeleke. Lakini vidole vitatuambia nani aliishika karatasi. Havitatuambia kwa nini."

Aliketi kwenye kiti cha Babu Safu. Kiti kililia vile vile kilivyolia zamani. Na pale alipokaa, Jumamosi moja ya zamani ilimrudia yote.

Babu Safu alikuwa ameingia na trei ya mayai kwapani. Mayai thelathini, sita kwa tano. Aliyahamisha moja moja kwenye trei ndefu ya kumi kwa tatu, akishuka safuwima kwa safuwima kama mtu anayeteremka ngazi. "Mayai yameongezeka?" Hapana, mwalimu. "Yamepungua?" Hapana. "Basi nimebadilisha umbo tu. Mali ni ile ile, nyumba nyingine." Kisha akatoa kadibodi yenye tundu la mraba katikati, akaiweka juu ya trei. Tunduni yalionekana mayai manne. "Hiki ndicho kipande." Akachovya brashi kwenye wino, akayapaka yale manne, akaondoa kadibodi. Mayai manne meusi yalibaki kwenye trei, katikati ya weupe.

"Kipande si mayai mengine, wanangu. Kipande ni dirisha. Ukipaka kinachoonekana dirishani, umepaka vya ndani ya nyumba."

Siku hiyo walikaanga mayai yote, na meusi, kwenye jiko dogo la Mama Funguo. Mzee Nukta alikuwa ametoka nje kabla somo halijaanza. Inspekta, kijana wakati ule, alidhani mzee hapendi mayai.

Sasa alielewa.

"Koplo," alisema, "waite wote watatu."

*

Walisimama kuizunguka meza ya Babu Safu: binti, Mama Funguo, na mzee Nukta.

"Nina swali moja," alisema Inspekta. "Ni la kitaalamu, mzee, utaniwia radhi. Nachukua matriksi. Nakata kipande. Kipande kile nakijaza sifuri. Je, matriksi ya asili inakuwaje? Mama Funguo?"

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuwa ukipiga deki wakati wa somo."

Mama Funguo alicheka kidogo. "Si inapakwa nayo? Ni dirisha. Hata paka wa humu ndani alikuwa analijua hilo."

"Dada?"

"Inapakwa," alisema binti. "Baba alikuwa akisema kila siku."

"Mzee?"

Nukta alijibu bila kufikiri, kwa sauti ya mtu anayesahihisha mitihani.

"Haiguswi. Anayeomba kipande hupewa kipande chake. Ni nakala. Ndivyo nilivyoandika mimi."

Mama Funguo aliweka kiganja mdomoni.

Inspekta alifungua kompyuta. Aliandika polepole, kwa vidole viwili, jedwali dogo la namba, sita kwa tano, zote saba. Akakata kipande katikati. Akakijaza sifuri. Kisha akaita jedwali la asili lijitokeze.

Saba, saba, saba. Na katikati, sifuri nne.

Nukta aliinama kusoma. Alisoma tena. Mkono wake ulitafuta ukingo wa meza.

"Kipande cha kwanza ulichowahi kukata kwenye mashine hii ya shemeji yako," alisema Inspekta taratibu, "ulikikata Jumatatu. Sivyo?"

Koplo alitoa karatasi nyeusi ndani ya bahasha, akaiweka mezani. Nukta hakuitazama. Alimtazama Mama Funguo.

"Hukuwaambia."

"Ulinisihi nisiseme," alisema Mama Funguo. "Ulikuja unalia. Nikakufungulia, nikakwambia usisaini daftari la kuingia. Nitasema nini tena?"

"Nami nikawaambia ni wewe."

"Nimesikia."

Mzee aliketi. Alifungua kifungo cha juu cha shati.

"Sema, mjomba," alisema binti. Hakupandisha sauti.

"Nilitaka kukuletea uso wake. Mkubwa, safi, kwa ajili ya jiwe. Nilitaka utoke mkononi mwangu. Mimi nilimpiga picha ile, mwanangu, unajua? Siku ile alikuwa amenifungulia mlango mimi." Alitazama meza yake tupu. "Kompyuta yangu walishaichukua. Ikabidi nikae kwenye kiti hiki. Miaka ishirini sijawahi kukikalia. Nikaona kikombe chake hapo, kalamu zake. Nikakata kipande cha uso. Nikajaza sifuri, kama kawaida yangu, nione utakaa wapi kwenye karatasi. Nikachapa. Kisha machozi yakanishika. Mama Funguo akagonga, saa za kufunga. Nikafunga mashine, nikatoka."

"Na mashine ya mzee," alisema Mama Funguo, "ukiifunga hujihifadhia yenyewe."

"Nikasema kesho nitarudi, nichape uso wenyewe. Kesho yake mwanangu akanipigia simu."

"Hukujua?" aliuliza Inspekta. "Ulipoambiwa ni mstatili mweusi, hukujua?"

Nukta aliivuta bahasha karibu, akaitazama karatasi nyeusi.

"Nilijua na sikutaka kujua. Nililala nikijiambia: kipande ni nakala, kipande ni nakala. Ningekiri kuwa ni mimi, ingebidi nikiri kuwa sikuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa toleo lake. Kwa miaka ishirini nimesema ni baya, na sikulisoma. Shemeji amekufa ananisubiri nilisome." Alipangusa uso kwa mkono mzima. "Nikaona heri alaumiwe mwenye funguo kuliko kubishana na marehemu, nikashindwa. Na huyu mtoto hana mtu mwingine tena. Niliogopa atanitazama kama anavyonitazama sasa."

Binti alikuwa akimtazama. Sindano za ukosini zilimeta kila alipovuta pumzi.

"Umemfuta mama, mjomba," alisema. "Halafu ukataka kumfuta na Mama Funguo."

"Ndiyo."

"Basi."

Aligeuka kuchukua mkoba wake.

*

Aliyemzuia ni Inspekta. Alikuwa bado kwenye kiti, akitembeza orodha ya mafaili ya toleo jipya.

"Mzee, unasema hukusoma hata ukurasa mmoja?"

"Hata mmoja."

"Hebu soma hapa."

Ndani ya sehemu ya majaribio, pale Babu Safu alipoweka namba za kupimia kama amri zake zinafanya kazi, kulikuwa na faili iliyoitwa Kwa Shemeji. Tarehe yake ilikuwa ya miaka ishirini iliyopita. Nukta aliihesabu kwa vidole.

"Ni siku ya pili baada ya ugomvi."

Juu ya faili palikuwa na mstari mmoja wa maneno. Nukta aliusoma kwa sauti, akishindwa mahali pawili:

"Hii si dirisha, ni nakala ya kweli. Nimemwekea Shemeji, kwa ajili ya siku atakayosahau."

Chini yake zilifuata namba. Safumlalo moja tu, ndefu isiyo na mwisho, bila umbo lolote.

"Ziko ngapi?" aliuliza Koplo.

Inspekta aliiuliza mashine. Mashine ikajibu: elfu sitini.

Binti aliweka mkoba chini.

"Ziweke kwenye umbo lake," alisema.

Inspekta aliandika: safumlalo mia mbili na hamsini, safuwima mia mbili na arobaini. Kioo kikajaa mchanga wa kijivu, mistari iliyopinda, hakuna mtu. Binti akashika mdomo. Inspekta alikaa akikitazama kioo, na mkono wake wenyewe, juu ya meza, ukaanza kufanya kitu: ulikuwa ukiokota mayai yasiyokuwapo. Kushuka, kisha kushuka tena.

"Mwalimu hakuwa akisoma kwenda upande," alisema. "Alikuwa akishuka. Safuwima kwa safuwima."

"Siku zote," alisema Nukta, ghafla kama kijana. "Hata gazeti alitaka kulisoma hivyo! Geuza namba zako. Mia mbili na arobaini kwa mia mbili na hamsini."

Inspekta aligeuza. Mchanga ulitulia. Mistari ya gauni ilinyooka, lakini kwenda upande badala ya kusimama, na mlango ulikuwa umelazwa kama kitanda.

Fundi cherehani ndiye aliyeona kwanza. Mistari ya nguo ilikuwa kazi yake.

"Amelala," alisema kwa sauti ndogo. "Mjomba, amelala. Mwinueni."

Inspekta aliondoka kitini. Nukta akakaa. Aliandika amri ya kupindua, ile inayofanya safumlalo kuwa safuwima.

Mwanamke akasimama mlangoni. Mkono kwenye mwimo, gauni limepeperuka kushoto. Uso ulikuwa wa mtu aliyekuwa karibu kucheka, amefungua mlango na kukuta ni kaka yake.

Binti alisogea karibu na kioo. Alisema kile alichokuwa akikisema kila Jumamosi alipokuwa mdogo, amesimama juu ya kiti hicho hicho.

"Shikamoo, mama."



Kisha Inspekta alirudi kwenye kazi. Alimwambia Koplo aandike kuwa faili imepatikana, kwamba uharibifu haukukusudiwa, na kwamba mshukiwa wa kwanza hana hatia na arudishiwe funguo zake kabla jua halijatua. Aliyetoa maelezo ya uongo ataitwa kituoni kesho saa mbili, aonywe kwa maandishi.

"Nitakuja," alisema Nukta. Aliinuka, akasimama mbele ya Mama Funguo, akainamisha kichwa. "Dada yangu, nimekukosea."

"Umenikosea sana," alisema Mama Funguo. "Nitakaa na hasira mpaka Jumamosi. Jumamosi nitakuja kaburini, nitaiacha huko."

Nukta akamgeukia mpwa wake. "Nikuchapie?"

Binti alifikiri. Alichomoa sindano moja kutoka ukosini, akaichomeka tena palepale.

"Nichapie, mjomba."

Mzee alikata kipande cha uso kutoka kwenye nakala ya kweli. Kabla hajabonyeza, mkono wake ulisita juu ya kibodi, kwa mazoea ya miaka yote, ukitafuta sifuri. Akaurudisha.

Akachapa uso wenyewe. Ulitoka kwenye printa polepole, kuanzia nywele, na haukutanguliwa na karatasi nyeusi.